Kungwi wa Ukutani

Siku hizi kungwi wa ndoa ni mashine inayokaa ukutani, juu ya kitanda, na hafungui kinywa mpaka asikie sauti ya mume na ya mke. Basi Tunu akaishusha sauti yake ikawa nzito, akajitambulisha kuwa bwana wa Sikudhani. Wangefanyaje? Walipokwenda kliniki kutafuta ushauri, kliniki nzima iliwacheka: wanawake wawili, na mmoja mnene hivyo! Tangu hapo Sikudhani alijificha gizani, hata mbele ya Tunu, mpenzi wake.

“Mwanangu,” kungwi akamwambia, “egemea mto, ulegee. Mwili wako haujamkosea mtu. Bwana, mwache akuongoze mkono.”

Sikudhani akafungua pazia mwenyewe, jua la alasiri likaingia. Akauweka mkono wa Tunu tumboni pake. Kwa furaha, Tunu akaangua kilio, kwa sauti yake halisi.

“Mwanangu,” kungwi akauliza, “mna mwanamke mwingine humu chumbani?”

Tunu akamtazama mwenzake. Sikudhani alikuwa ameukumbatia ule mto kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

“Hamna mtu, bibi,” Tunu akajibu kwa ile sauti nzito. “Endelea, nakuomba.”