Mita Sita

Siku yake ya mwisho kazini, Mwalimu Semhando, mkurugenzi wa michezo wa chuo, alishuka uwanjani na futikamba. Alikuwa ameupokea uwanja mpya wa mbio bila kuupima. Baadaye mzunguko ukagundulika umepungua mita sita, na rekodi zote zikafutwa, pamoja na ile iliyompa mwanariadha wake Tunu nafasi katika timu ya taifa.

Tunu alikuwa akinyoosha misuli.

“Leo ndiyo unapima, Mwalimu?”

“Leo. Nisamehe, mwanangu.”

Tunu alishika ncha ya futikamba, wakapima mita sita kupita mstari wa kumalizia, na Mwalimu akachora mstari mwingine kwa chokaa.

Tunu akarudi mwanzoni, akainama. Mwalimu akatoa saa mfukoni.

“Na hiyo umeipima?”

Mwalimu aliifuta kwa shati, akaweka kidole kwenye kitufe.