Mkono Wenye Mafuta

Mgeni aliingia bila kupiga hodi. Mkono wake wa kulia alikuwa ameubeba kwa wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Anjela alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akikamua kitambaa cha maji ya chumvi juu ya mgongo wa mumewe, Elirehema. Maji yaliyorudi kwenye beseni yalikuwa mekundu.

"Nimeelekezwa kwa mkandaji," mgeni alisema.

Elirehema aligeuza uso ukutani, akauma shuka.

Huyu hakuwa wa kwanza. Tangu shamba la kahawa lililo juu ya kijiji cha Maji ya Chai lipate Bwana mpya, vibarua walikuwa wakiletwa kwa Anjela karibu kila siku. Mmoja aliletwa akiwa na mbavu zilizovunjwa kwa teke. Mwingine alikuja kwa miguu yake, ameshika sikio lake lililokatwa, limefungwa kwenye jani la mgomba. Anjela hakuwauliza majina, na huyu pia hakumuuliza. Aliuliza tu kilichompata.

"Kazi ya shamba, mama."

Alimwelekeza kwenye mkeka. Wengine wote wiki ile walilala kifudifudi. Huyu alilala chali, bila kuguna.

Anjela alipasha mafuta, akaanza begani. Nyuma ya kwapa nyama ilikuwa imejikunja ikawa ngumu kama kokwa la embe. Vidole vyake vilisimama hapo kidogo, kisha vikaendelea. Aliligandamiza lile fundo kwa kiwiko mpaka mgeni akatokwa na machozi. Alipouvuta mkono, bega lilialika kama kuni kavu. Mgeni alipiga ukelele mmoja, halafu akapumua.

Akageuza kichwa kuelekea kitandani. "Viboko ishirini na vinne," alinong'ona.

Michirizi ya mgongoni ilikuwa imeingiliana, nyama juu ya nyama.

"Ishirini na vinne, Jumatatu," Anjela alijibu. "Aliteleza na gunia la kahawa mferejini. Jumamosi wanammalizia vingine ishirini na vinne, kabla Bwana hajaondoka saa sita kwenda Nairobi. Akishaondoka, harudi mpaka mvua ziishe. Lakini mgongo huu ukipigwa tena, hautaiona Jumapili."

 Mgeni aliinuka, akatoa shilingi mfukoni, akaitia kwenye kiganja cha Anjela. Shilingi iliteleza kwenye mafuta, ikaanguka. Anjela hakuiokota.

"Ramesh kinyozi kule mjini akinikanda kichwa, mimi humtilia hivyohivyo kiganjani," mgeni alijitetea.

Anjela alimweleza kama alivyowaeleza wote: mkandaji hapokei bakshishi mikono yake ikiwa bado na mafuta, maana mikono hiyo bado ni ya mgonjwa. Mgonjwa huuliza, mkandaji hutaja kitu kimoja tu, na kitu hicho huahidiwa kabla ya kuvuka kizingiti. Wengi alikuwa amewaomba kuni. Mmoja alimwomba asali.

"Basi nikupe nini, mama?"

"Mkono huu. Usiuinue kupita bega mpaka siku saba zipite."

Alitabasamu. "Hiyo si bakshishi. Hiyo ni dawa."

"Kwako ni dawa."

Tabasamu likamtoka. Aliutazama mgongo wa Elirehema.

"Na nikiamriwa?"

"Nimesikia unauliza, baba. Sijasikia unaahidi."

Nje jogoo aliwika mara mbili. "Naahidi," alisema, akavuka kizingiti.

Jumamosi, saa tano, vibarua wote waliitwa kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Watu wawili walimburuta Elirehema, wakamfunga mikono juu kwenye tawi la mgrevilea mpaka vidole vya miguu vikawa vinaigusa ardhi kwa shida. Mgeni alisimamishwa karibu naye, kifua wazi. Anjela, kibuyu cha mafuta kikiwa kifuani, alikuwa nyuma kabisa ya umati. Aliona vichwa na mabega tu.

Bwana alitazama saa yake. "Inua mkono."

Mgeni hakuuinua.

Bwana alidhani hakueleweka. Alirudia polepole, neno moja moja, kisha akachukua bunduki kutoka garini na kumpiga kwa kitako mdomoni. Meno mawili yaliruka.

"Nimeahidi, Bwana," mgeni alisema kupitia damu.

Pigo la pili lilimpata mbavuni, na watu wa mbele wakasikia mfupa. La tatu lilitua kwenye bega lilelile, na Anjela akalisikia viganjani mwake. Mgeni alipiga magoti, akainuka, akapiga magoti tena. Bwana hakuita mwingine; alitaka atiiwe na huyuhuyu. Alimwambia kwamba kazi amepoteza, na kibanda chake kinachomwa sasa hivi. Halikuwa tishio tupu. Moshi ulianza kupanda nyuma ya ghala, mweusi. Mgeni aliutazama moshi, halafu akautazama mkono wake.

"Inua mkono!"

Alitikisa kichwa. Kitako kilimshukia kichwani, mara moja, mara mbili, akaanguka kifudifudi na hakuinuka.

Dereva alipiga honi. Saa sita ilikuwa imefika. Bwana alifuta kitako cha bunduki kwenye nyasi, akatukana, akapanda gari. Vumbi lilibaki likining'inia juu ya barabara.

Watu walimfungua Elirehema. Alikuwa hai. Anjela alipenya katikati yao, akapiga magoti kwa mgeni, akamwekea sikio mgongoni. Alikuwa bado anapumua.

Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekaza. Anjela alivikanda kimoja kimoja mpaka vikafunguka, akachomoa kiboko kilekile kilichomchapa Elirehema Jumatatu. Kilikuwa kikavu.