Mjane Aliyefungua Mlango

Wivu ulimkaa Mwanakombo kooni. Yeye kazaliwa mji huu, kaandika riwaya tatu, zote zinaliwa na mende stoo. Bwana Henrik, mgeni aliyehamia juzi tu, hadithi zake za upelelezi za mji huu huu zinagombaniwa madukani. Na sasa kamletea mswada mpya aukague, asije akakosea mila za watu.

Siku tatu alilitafuta kosa. Akalipata ukurasa wa themanini: mjane aliye edani anamfungulia mpelelezi mlango, anampa mkono, anacheka naye. Mjane wa eda haonani na mwanamume wa kando, seuze kumpa mkono! Mji mzima utamcheka mzungu huyu. Akaufunga mswada palepale, hakuona haja ya kuendelea.

"Umeona kosa lolote, Bi Mwanakombo?" Henrik akauliza alipoufuata.

"Hakuna. Safi kabisa."

Uso wa mgeni ukanywea. "Hata yule mjane, ukurasa wa themanini?"

"Ana nini?"

"Ndiye muuaji. Nilidhani msomaji wa hapa atamshuku pale pale mlangoni. Kumbe hata wewe hukushtuka." Akachomoa kalamu. "Basi hapafai. Napafuta."

Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko wowote aliopata kuandika Mwanakombo, na kuuokoa ilikuwa lazima akiri kwamba aliona, akanyamaza. Kalamu ikakata mlango, ikakata mkono. Mwanakombo akaitazama ikikisogelea kicheko.