Kengele Isiyohitajika

Askofu alipomaliza kusoma hati yake ya Kilatini, mfalme alikandamiza muhuri kwenye nta, akajifuta kidole kwa joho.

Conaing, aliyerithi kwa baba yake ulinzi wa kanisa na kengele ya mtakatifu wake, alisimama kando akiwa ameishika kengele hiyo. Alikuwa akiing'arisha tangu alfajiri, maana hakuna mfalme aliyewahi kugawa ardhi bila kuishika na kuapa.

“Leo haihitajiki, ndugu yangu,” alisema mfalme. Yeye na Conaing walinyonya ziwa moja.

“Kwani unagawa ardhi gani?”

“Hiyo ya kanisa lenu. Wanapewa watawa wageni. Wao hawaoi, wala hawarithishi kanisa kwa watoto kama nyinyi.”

“Si uliniapia hapa hapa, kwa kengele hii hii, kwamba hatutaguswa?”

Mfalme akaitazama nta ikiganda.

Kengele ile iligongwa kwa mambo mawili tu: kuita watu kwenye sala, na kumlaani mfalme.

“Sala si tumeshasali?” alisema Conaing, akaiinua.