Suti ya Limpho

Siku hizi huku kwetu kwenye milima ya Lesotho, mgeni hajifunzi kuteleza kwenye theluji. Anakodi suti iliyohifadhi mwendo wa mtelezaji hodari aliyefariki, na suti inamshusha mlimani kama alivyoshuka marehemu.

Binti yangu Limpho alikuwa hodari kuliko wote.

Jana bwana mmoja wa Maseru aliteremka na suti ya Limpho, ikampitiliza hoteli, ikamleta hadi mlangoni kwangu. Akakung'uta buti kizingitini, la kushoto kwanza, kama alivyozoea Limpho. Kisha mkono wake ukanivutia blanketi nililojitanda, ukanifunga pini shingoni.

"Samahani, bibi! Wallahi si mimi, ni hii suti!"

"Iache tu, mwanangu."

Mkono ukanipapasa shavu. Nikafumba macho.

"Hapana, ni aibu. Mkubwa hasalimiwi na mtu aliyevaa nguo za mchezo. Ngoja niivue."

"Usiivue, tafadhali."

Alidhani namwonea huruma kwa baridi. Akaivua palepale, akitetemeka, akaukunja vizuri ule mkono mtupu wa suti, akanishika kiganja kwa mikono miwili kunisalimia. Mikono ilikuwa na joto, na ilikuwa yake mwenyewe.