Chura Aliyetaka Maji Yatulie

Katika bwawa moja waliishi mbawakawa wa majini, wadudu weusi wenye macho manne: mawili ya kutazama juu, mawili ya kutazama chini ya maji. Kutwa walizunguka kasi, maji yakitikisika. Chura, aliyeipenda mno sura yake, akawawakia.

“Hivi nyie hamna kazi? Mnazunguka mpaka sijioni uso! Kuanzia leo, atakayetikisa maji nammeza!”

“Tunazunguka ili korongo asione vizuri aliyemo majini,” akasema mbawakawa mkubwa. “Hata wewe umefika leo kwa mizunguko hii hii!”

“Kelele! Kidudu kama wewe unifundishe mimi mambo ya maji?”

Mbawakawa akafura kwa hasira. “Haya. Yetu macho.” Akawachukua nduguze wote, wakajibanza kwenye matete.

Maji yakatulia kama kioo. Chura akainama, akajitazama, akacheka. “Mnaona sasa? Uzuri wote huu mlikuwa mnauficha!”

“Na nyuma yako, unamwona nani?” akauliza mbawakawa kutoka kwenye matete.

Chura akatazama tena majini. Juu ya kichwa chake kulikuwa na mdomo mrefu wa korongo, umeshafunguka.