Kaimu wa Halkano

Siku hizi ukisafiri zaidi ya siku tatu, sheria inataka uache kaimu nyumbani: mashine yenye sura yako na sauti yako, ili watu wako wasipate upweke. Siku ya tano tulisimamisha pikipiki zetu katikati ya jangwa la chumvi la Chalbi, tukapiga simu makwetu.

Mwenzangu Roba aliombwa na mkewe aongeze wiki moja safarini. Tulicheka hadi tukakaa chini kwenye chumvi, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

"Pole, mzee," nikamwambia. "Umestaafishwa!"

Kisha nikampigia mama. Nyuma yake nilisikia mtu akiimba kwa sauti yangu, akiosha vyombo.

"Mama, huyo ameuonja ugali wako wa zege?"

"Halkano, jana alinisikiliza nikisimulia siku aliyokufa baba yako, mwanzo hadi mwisho. Wewe nikianza tu, unaleta mzaha."

"Nafika Jumapili, mama. Utanisimulia."

Akakohoa.

"Nimetoka ofisi ya makaimu asubuhi, mwanangu. Si kaimu tena. Wamemthibitisha. Wewe endesha polepole tu, hakuna haraka."